Benki imeninyima mkopo wa nyumba: je, arabuni yangu imeliwa?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Januari nilikubaliana kununua nyumba Goba, Dar es Salaam, kwa shilingi milioni 145. Siku ya kwanza nilitoa milioni 5 "ya kushikia nyumba", tukaandikishana kwa mkono mbele ya dalali. Wiki mbili baadaye tukasaini mkataba ofisi ya serikali ya mtaa, nikaongeza milioni 15. Mkataba unasema nimalizie ndani ya siku 90, na kwamba "mnunuzi akishindwa kumalizia, fedha aliyotoa haitarudishwa". Nilitegemea mkopo wa benki wa milioni 110. Benki ikasema kipato changu kinaruhusu milioni 80 tu, halafu ikataka kwanza hati itoke kwenye jina la marehemu baba yake muuzaji. Siku ya 82 nilimwomba muuzaji kwa WhatsApp aniongezee mwezi, akajibu "sawa ndugu yangu, pambana". Siku ya 101 nikasikia nyumba imeuzwa kwa mtu mwingine kwa keshi. Jirani anasema kwa milioni 150. Nikidai pesa yangu naambiwa arabuni hairudi, hata dini inasema hivyo. Dalali naye alichukua laki 8 yangu. Je, nina haki yoyote?

JIBU: Unayo, ndugu yangu, ingawa pengine si kwa sababu unayoidhania. Katika maelezo yako yote, sentensi iliyonifanya nivute kiti karibu ni ile uliyoipita mbio: hati ina jina la marehemu. Nitaifikia. Kwanza tuitazame hela yenyewe, maana ugomvi wa namna hii huamuliwa na swali ambalo watu hawajiulizi siku ya kuhesabu noti: hela hii tunayopeana ni ya nini?

Katika biashara ya nyumba huku kwetu, fedha inayotangulia ina majina mengi. Kuna ya kushikia, kishika nafasi, advansi, arabuni, na wenye utani huita kishika uchumba. Mtaani yote hayo ni kitu kimoja. Mahakamani yanaweza kuwa vitu viwili. Arabuni ni dhamana ya nia: mnunuzi anaiweka mezani kuonyesha kwamba hachezi. Biashara ikikamilika, inahesabiwa ndani ya bei. Mnunuzi akijitoa bila sababu ya haki, muuzaji anabaki nayo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyowekewa. Sehemu ya bei ni kitu kingine. Hiyo ni bei yenyewe ikilipwa kidogo kidogo. Biashara ikifa inapaswa kurudi, na muuzaji akiwa ameumia anakata hasara yake halisi, si zaidi.

Sasa rudi kwenye karatasi zako mbili. Ulitoa hela mara mbili, kwa maneno mawili tofauti. Ile milioni 5 imeandikwa "ya kushikia nyumba". Hiyo inanukia arabuni hata kwa mtu mwenye mafua. Ile milioni 15 imeandikwaje? Hukunitajia maneno yake. Kama mkataba unasema "malipo ya awamu ya kwanza" au "sehemu ya bei", uko mahali pazuri zaidi kuliko unavyodhani. Kama unasema yote milioni 20 ni arabuni, kazi itakuwa ngumu kidogo, lakini haijaisha.

Haijaisha kwa sababu ya kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Sheria hii ya mwaka 1961 iliundwa kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872, kiasi kwamba hata namba za vifungu vingi zinafanana. Kifungu cha 73 kinasema aliyevunja mkataba amlipe mwenzake fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Cha 74 kinakwenda mbele: hata kama mkataba umetaja kiasi au adhabu, aliyeumizwa anapata fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Maana yake, kiasi kilichoandikwa ni dari, si sakafu. Yale maneno ya "haitarudishwa" yanayobandikwa kwenye kila mkataba wa mtaa kama muhuri hayamfungi hakimu mdomo. Bado anaweza kuuliza: je, kubaki na hela yote hii ni fidia au ni adhabu?

Kuna kesi ya Mahakama Kuu Kabisa ya India ya mwaka 1963 ambayo inakaribia sana kufanana na yako. Mtu alikubali kununua jumba Delhi kwa rupia 112,500. Alitanguliza rupia 1,000 kama arabuni, kisha akaongeza 24,000. Akashindwa kumalizia, na mkataba ulikuwa na maneno makali kwamba hela yote inapotea. Mahakama ikamwachia muuzaji ile 1,000. Kuhusu 24,000 ikasema hiyo si arabuni, na kwa kuwa muuzaji hakuonyesha hasara ya kiasi hicho, hana haki ya kuimeza. Nenda pia Jamaica. Mwaka 1993 Baraza la Mfalme la London, lililokuwa likisikiliza rufaa za huko, lilikutana na mnunuzi aliyetanguliza asilimia 25 ya bei na kuchelewa siku chache tu kumalizia. Majaji wakasema kilichozoeleka ni asilimia 10. Anayetaka kubaki na zaidi ya hapo lazima aonyeshe sababu ya pekee, na yule hakuwa nayo. Hela ikarudi, muuzaji akabakiwa na haki ya kukata hasara atakayoithibitisha.

Hukumu hizo haziwafungi mahakimu wetu, ila zinawashawishi, hasa ile ya India kwa sababu ya undugu wa sheria. Piga hesabu yako. Milioni 5 ni kama asilimia 3.4 ya bei. Milioni 20 ni karibu asilimia 13.8. Kwa mtazamo wangu, ile 5 ni arabuni ya kawaida kabisa. Ile 15 ni ya kugombewa, na wewe ndiye mwenye mguu wa mbele.

Hasara yake iko wapi? Aliiuza tena nyumba ileile. Kama kweli ni kwa milioni 150, amepata milioni 5 zaidi ya ambazo angepata kwako, na zako 20 bado ziko mfukoni mwake. Ila kuwa mwangalifu: maneno ya jirani si ushahidi. Mkataba wa pili una uwezekano mkubwa wa kupita ofisi ileile ya mtaa, na shauri likifunguliwa mahakama inaweza kuamuru uletwe. Usiende kugombana na mwenyekiti akupe nakala. Hana wajibu wa kukupa, na utamgeuza adui bure, wakati huenda ukamhitaji kama shahidi wako.

Sasa habari mbaya, ambayo ningekuficha kama ningekuwa nataka tu ufurahi. Mkataba wako haujui kwamba ulitegemea mkopo. Haukutajwa popote. Kwa muuzaji, wewe ni mtu aliyesema "nitaleta milioni 125 ndani ya siku 90", basi. Kwamba benki imekokotoa mshahara wako na kusema 80 badala ya 110, hilo ni la nyumbani kwako. Watu wengi hufika ofisini wakiwa na uhakika kwamba benki ikikataa hela inarudi yenyewe. Hairudi yenyewe, labda iwe imeandikwa hivyo. Kama kipato kingekuwa sababu pekee, ningekuambia uisahau ile milioni 5 na tupiganie 15.

Lakini si sababu pekee, na hapa ndipo pale niliposogeza kiti.

Hati ina jina la marehemu. Kwa hiyo, siku mnasaini, huyu bwana alikuwa anauza kama nani? Majibu yako mawili, na kila moja linakupeleka njia yake.

Jibu la kwanza: yeye ni mrithi tu, mtoto wa marehemu, anaishi humo, kila mtu mtaani anajua nyumba ni yao. Mrithi si msimamizi. Mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, hata awe mtoto wa pekee. Kama hakuwa na barua ya usimamizi kutoka mahakamani, alikuuzia kitu ambacho hakuwa na mamlaka nacho. Makubaliano ya namna hiyo hayana miguu, na kifungu cha 65 cha sheria ileile kinasema yakigundulika kuwa batili, aliyepokea chochote kwayo akirudishe. Hapo hatubishani tena arabuni au sehemu ya bei. Milioni 20 yote inarudi, ikiwemo ile 5. Na yule mnunuzi wa keshi, maskini, naye hajui alichonunua. Wakitokea dada zake muuzaji na ombi la mirathi, ndipo atakapoanza kutafuta wakili, kama ulivyofanya wewe.

Jibu la pili: alishateuliwa kuwa msimamizi, ila hakubadilisha jina kwenye hati. Basi alikuwa na mamlaka ya kuingia mkataba. Lakini ili akuhamishie nyumba, ilibidi kwanza yeye mwenyewe asajiliwe kwa Msajili wa Hati kama msimamizi, ndipo uhamisho ufuate. Kazi hiyo ilikuwa yake. Katika mkataba wa ahadi za pande mbili, huwezi kumdai mwenzako atimize zamu yake wakati wewe hauko tayari na yako. Hakimu atauliza: hata kama mnunuzi angeleta milioni 125 siku ya 90, je, muuzaji angeweza kumkabidhi hati safi? Kama jibu ni hapana, hoja ya "umeshindwa kumalizia" inapoteza nguvu sana.

Na utaulizwa swali la kuudhi: hati uliiona lini? Kama uliiona kabla ya kusaini, ukaona jina la marehemu na ukaendelea, huwezi kulalamika kwamba ulidanganywa kuhusu jina. Sheria haimbebi aliyekuwa na nafasi ya kujua ukweli kwa kutazama tu. Hata hivyo hilo halimpi muuzaji mamlaka ambayo hakuwa nayo. Kwa hiyo, kabla ya yote, nenda ukaulize kama kuna shauri la mirathi ya marehemu huyo katika Mahakama ya Mwanzo ya eneo alilokuwa akiishi. Ukiwa na jina kamili la marehemu na mwaka aliofariki, karani anaweza kukusaidia kutafuta kwenye rejista. Jibu utakalotoka nalo hapo ndilo litakaloamua ikiwa unadai 15 au 20.

Wakati uko huko, chunguza pia kama nyumba ilikuwa ya familia yenye mke. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwenye ndoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kama mjane wa marehemu bado yumo ndani, jambo hili lina uzito wake.

Kuhusu siku 90, usilale kwa hofu ya kuchelewa. Ulichelewa, ndiyo, lakini siku ya 82, wakati muda bado upo, uliomba nyongeza na yeye akakujibu "sawa ndugu yangu, pambana". Atasema alikuwa anakutakia heri tu. Mimi ninalisoma kama ridhaa, na hakimu mwenye kusikia Kiswahili cha kawaida atalisoma hivyo pia: mtu hakuambii upambane kwa jambo ambalo tayari amelifunga. Na kama alikuongezea mwezi, siku ya 101 ulikuwa bado ndani ya muda, kwa hiyo yeye ndiye aliyevunja mkataba kwa kuuza. Kama hakukuongezea, bado alipaswa angalau akuambie "nimefuta" kabla ya kumuuzia mwingine. Ujumbe wa WhatsApp unakubalika kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015. Usiishie kwenye picha ya skrini pekee. Itunze simu yenyewe, usifute mazungumzo, usibadilishe namba. Nimewahi kuona kesi nzuri ikilegea kwa sababu mtu aliuza simu yake.

Dini nayo imeingizwa hapa, na kwa kuwa anayekuambia ametumia neno zito, tumjibu kwa heshima. Neno arabuni tumelipata kutoka Kiarabu, na ni la kale kuliko Kiarabu chenyewe cha vitabu, kwani Wagiriki walikuwa nalo, ndiyo maana waumini wa Kikristo wanalikuta kwenye Biblia ya Union, Waefeso, Roho akiitwa "arabuni ya urithi wetu". Kwa upande wa fikihi ya Kiislamu, anayedai kwamba arabuni hairudi amechukua rai ya wachache na kuifanya ya wote. Madhehebu ya Hanafi, Maliki na Shafii hayakubali muuzaji abaki na arabuni pasipo kuuza. Na Waislamu wengi wa pwani yetu ni Mashafii. Wanaoruhusu ni Mahanbali, na wana hoja inayohusu nyumba hasa: inasimuliwa kwamba gavana wa Makka zama za khalifa Umar alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya iwe gereza, kwa sharti kwamba Umar akiridhia biashara imekamilika, asiporidhia Safwan apate 400. Mwaka 1993 Baraza la Fikihi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Brunei, likairuhusu arabuni kwa sharti muda wa kungoja uwekwe wazi. Kwa hiyo ukimkuta muuzaji msikitini mwulize kwa upole anafuata rai ya nani. Mahakamani hoja hiyo haitamsaidia. Huko inasomwa Sura ya 345.

Dalali? Laki 8 alikulipisha kwa kazi gani? Kanuni ya uwakala ni kwamba ujira unadaiwa kazi ikikamilika, isipokuwa mlikubaliana vinginevyo. Kama mlikubaliana kwamba ni malipo ya kukutafutia na kukuonyesha nyumba, kakuonyesha, imekwenda. Kama ni kamisheni ya mauzo, mauzo kwako hayakufanyika. Udhia wake ni mkubwa kuliko faida, kwa hiyo usianze naye. Mtie kwenye barua ya madai, na kama yeye ndiye aliyemletea muuzaji yule mnunuzi wa pili, utaona anavyolainika. Anayekula kamisheni mbili kwa nyumba moja hapendi kusimama kizimbani kueleza.

Sasa uende wapi? Hapa wengi hupoteza mwaka mzima. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina mamlaka ya migogoro ya ardhi: hadi milioni 300 kwa mashauri ya kurejesha umiliki wa mali isiyohamishika, milioni 200 kwa mengineyo. Lakini wewe hutaki nyumba, unataka hela. Anayedai kurudishiwa fedha tu anaweza kuambiwa shauri lake ni la mkataba na mahali pake ni mahakama za kawaida, na mashauri yamekwisha kutupwa kwa kosa la mlango. Ndiyo maana ninakushauri uamue mapema unachodai, na ukiandike hivyohivyo kuanzia barua ya kwanza hadi hati ya madai. Ukiamua fedha, nenda mahakama ya kawaida. Ukiamua nyumba, ni Baraza la Wilaya, na kabla ya hapo itabidi upite Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Kwa hali yako, kupigania nyumba iliyokwisha kuuzwa, iliyo ya mirathi isiyoeleweka, ni kujitafutia maumivu ya kichwa ya miaka.

Polisi usiende kwa hasira. Deni si jinai, na askari mzuri atakuambia hivyo mlangoni. Mambo hugeuka ikiwa utathibitisha kwamba alijitambulisha kama mwenye mali huku akijua si yake, ili umpe fedha. Hapo tunazungumzia kujipatia fedha kwa udanganyifu, kosa lililoko kwenye Kanuni ya Adhabu. Subiri kwanza jibu la rejista ya mirathi.

Nyaraka zako nazo ziwekwe sawa. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 64, inataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi na uwe na saini ya anayedaiwa, na wako unao. Bali mkataba ambao haujalipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe, pamoja na adhabu ya kuchelewa. Karatasi nyingi za serikali za mtaa zina muhuri mkubwa wa bluu, stempu hazina. Muhuri wa mtaa unathibitisha mlikuwepo. Haulipi kodi wala hauhamishi hati. Pitia ofisi ya TRA kabla hujaitwa mahakamani.

Hatua yako ya kwanza ni barua ya madai, yenye siku 14, ikitaja tarehe, kiasi, namba za miamala ya benki, jumbe za WhatsApp, na sababu kuu: hakuwa na uwezo wa kuhamisha nyumba. Omba milioni 20. Ningekuwa mimi, na ikagundulika kwamba ni msimamizi halali, ningekubali kumalizana kwa 16 au 17 zikilipwa kwa mkupuo. Kesi inakula muda, na shilingi milioni 20 ya mwaka ujao si ya leo. Ikigundulika si msimamizi, usishuke. Akiomba kulipa kwa awamu, iandikwe hati ya makubaliano yenye tarehe za kila awamu na kwamba akikosa moja, zilizobaki zote zinadaiwa papo hapo. Usikubali ahadi ya mdomo kwa mara ya pili kwa mtu yuleyule. Na una muda wa kutosha bila ya kulala: madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 tangu siku ulipovunjwa.

Wasomaji wa Kenya mtaona mambo yenu yamepangika zaidi. Huko mikataba mingi hufuata Masharti ya Mauzo ya Chama cha Wanasheria, amana ni asilimia 10, na kwa kawaida inakaa kwa wakili wa muuzaji, si mfukoni mwa muuzaji. Kama ardhi ni ya kilimo, mauzo yasiyopata kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi ndani ya muda uliowekwa ni batili, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Udhibiti wa Ardhi kinaifanya hela iliyotolewa iwe deni linalodaiwa. Kwetu Dar, hela hutoka benki asubuhi na mchana imeshageuka mabati ya nyumba nyingine.

Siku utakaponunua tena, mwambie wakili aweke maneno haya: "Iwapo benki ya mnunuzi itakataa kutoa mkopo wa kiasi kisichopungua shilingi kadhaa ndani ya siku kadhaa, bila ya kosa la mnunuzi, fedha yote itarudishwa ndani ya siku 14." Na hela ya mwanzo ikae kwenye akaunti ya wakili mpaka upekuzi kwa Msajili wa Hati umerudi na jina linalofanana na la mtu unayemlipa. Muuzaji wa kweli hakatai hilo. Anayekataa amekufanyia upekuzi bure.

Kwa sasa, kuna karatasi moja ambayo huna na unaihitaji kuliko zote: barua ya benki inayotaja kwa maandishi kwamba walitaka hati itolewe kwanza jina la marehemu, na tarehe waliyokuambia hivyo. Maneno ya afisa mikopo kaunta hayatoshi. Kaiombe kesho asubuhi, kabla hajahamishiwa tawi lingine.